eVisa ya Uingereza: mfumo wenyewe safi, shida ni wanaoukagua

Nimeulizwa sana kuhusu hii eVisa, na ndugu walioko Bongo na wenzangu wa hapa mji wa Reading, Uingereza, inasumbua au haisumbui, simu ikiibiwa inakuwaje, dalali akitaka kadi umpe nini, kwaiyo naandika hapa mara moja ili nisirudie rudie kwenye simu nikitoka shifti ya usiku. Mwenye haraka achukue hili: mfumo wenyewe naupa nyota 4 kati ya 5. Waliokabidhiwa kuukagua, yaani mabosi, madalali wa nyumba na watu wa kaunta za ndege, wanaambulia 2, na moja kati ya hizo nimewapa kwa huruma tu.

Kwa ambaye hajui kitu kabisa: zamani ukija huku kwa viza ya zaidi ya miezi 6, iwe shule, kazi au kumfuata mwenza, ulikuwa unapewa kikadi kigumu kinaitwa BRP, kina picha yako, kina tarehe, kinaonyesha unaruhusiwa kazi au la. Hicho kikadi kilikuwa roho ya mtu. Serikali ikaamua kukiua. Karibu kadi zote zikaandikwa mwisho 31 Desemba 2024 hata kama viza ya mwenyewe inafika 2026, na hapo watu walichanganyikiwa kweli kweli, kuna mama wa Kikenya nilikuwa nafanya naye kazi alijua amefupishiwa ruhusa akaangua kilio kwenye chumba cha chai mbele ya watu. Kumbe kilichokuwa kinaisha ni plastiki tu. Ruhusa yenyewe imehamia kwenye kompyuta zao na wewe unaruhusiwa kuingia kuitazama, ndio hiyo eVisa. Na haikai kwenye simu yako, hapa wengi hawaelewi, simu ikitumbukia chooni ruhusa yako iko pale pale, unaazima simu ya jirani unaingia unaikuta.

Afu tarehe yao wenyewe hawakuishika. Desemba ilipokaribia wakaona watu wengi hawajajiandikisha, wakasema haya, kadi iliyoisha mnaweza kusafiria hadi 31 Machi 2025, ikasogezwa tena hadi 1 Juni 2025. Sisi tukichelewa siku moja tu ni kesi, wao wanajiongezea miezi, mi nilicheka.

Sasa akaunti. Kufungua ni BURE. Naandika kwa herufi kubwa maana nimeona watu, tena wengine Waswahili wenzetu, wanatoza paundi kadhaa "kukusaidia eVisa" kwenye magrupu ya WhatsApp, na mtu anawatumia paspoti, tarehe ya kuzaliwa na imeili, vitu vyote mwizi anavyohitaji. Usifanye hivo. Unaingia tovuti ya serikali, unashusha apu inaitwa UK Immigration: ID Check, unaskani paspoti au kadi ya zamani, unapiga picha ya uso, skrini inakumulika rangi rangi kama disko la kigodoro halafu inakwambia subiri.

Penye ufundi ni kuskani chipu. Paspoti zetu za Tanzania hizi za kielektroniki, zilizozinduliwa na Magufuli 31 Januari 2018, zina chipu ndani na apu inaisoma vizuri tu. Unalaza simu juu ya paspoti, inatetemeka kidogo, ule mstari unaanza kwenda, unafika katikati unakata. Mama watoto alihangaika na yake mpaka akataka kuitupa dirishani, tatizo likawa kava, ile kava nene ya ngozi yenye twiga aliyonunua Kariakoo. Vua kava la paspoti, vua na kava la simu, weka kwenye meza ya mbao maana chuma kinavuruga, halafu shika pumzi usiisogeze simu hata kidogo mpaka imalize. Simu lazima iwe na NFC, vile vinavyotumika kulipia basi kwa kugusisha, simu ya bei chee nyingi hazina. Sisi tulimaliza jioni hiyo hiyo kati ya kupika ugali na kuogesha mtoto, na mtoto naye ana akaunti yake, kila kichwa na yake, usidhani ya baba inafunika nyumba nzima.

Ukishaingia unaona jina, picha, aina ya viza, inaanza lini inaisha lini, na masharti. Hapo usifurahi ukafunga. Soma jina herufi kwa herufi, soma tarehe, soma sehemu ya kazi. Watu wengi tu wamelalamika hadharani kwamba wamekuta taarifa zimekosewa, na kuna fomu ya kuripoti kosa, hailipiwi. Na chagua namba ya usalama ije kwa imeili siyo kwa simu, kwa sababu kila unapoingia wanakutumia tarakimu 6, na ukiwa Tanga kwa likizo laini yako ya Uingereza inaweza isishike mtandao, utaziona hizo tarakimu ukisharudi Heathrow, kama utarudi.

Matumizi yenyewe ni hivi. Mtu akitaka kuhakikisha uko halali humpi kadi, unamtengenezea namba ya kushea, tarakimu na herufi 9, inaishi siku 90. Ikianza na W ni ya kazi, R ni ya kupanga nyumba, S ni ya mengineyo. Yeye anaiingiza kwenye tovuti ya serikali pamoja na tarehe yako ya kuzaliwa, inamjia picha yako na kile anachotakiwa kukijua tu. Ya dalali haimwonyeshi kila kitu anachoona bosi. Hii mi naipenda sana, maana zamani unampa mtu kadi anaipiga kopi pande mbili, kopi inabaki kwenye droo ya ofisi miaka na miaka, hujui inaenda wapi.

Na kama kipimo ni kusimamia sheria, wamecheza vizuri lazima niseme. Wote tuliokaa nje tunajua habari ya kufanyia kazi makaratasi ya mtu. Unamkuta jamaa anaitwa Juma kiwandani na nyumbani anaitwa Hamisi, mshahara unaingia kwa Juma, Juma anakata chake, Hamisi hana pa kushitaki. Kwa kadi ile kitu ilikuwa inapita, mzungu akiangalia picha anaona mtu mweusi kwenye kadi na mtu mweusi mbele yake, basi inatosha. Sasa picha inatoka serikalini kwenye skrini kubwa, na kama viza imekatwa jana, leo bosi anaona imekatwa. Kadi isingeweza kumwambia hivo, mtu alikuwa anatembea nayo mfukoni miaka miwili baada ya viza kufa. Mchezo haujaisha lakini, umehamia kwenye kupeleka chakula kwa baiskeli, kukodisha akaunti ya mtu, na ndio maana sheria mpya ya mpaka na uhamiaji iliyopita Desemba 2025 inapanua ukaguzi uwafikie hadi hao wa vibarua vya kwenye apu.

Sasa tufike kwenye nyota mbili.

Uingereza haisimamii sheria ya uhamiaji kwa polisi peke yao, hilo mgeni anachelewa kulijua. Inasimamia kwa kumtia hofu mtu wa tatu. Tangu 13 Februari 2024 bosi akikamatwa na mfanyakazi asiye na ruhusa faini inafika £45,000 kwa kila kichwa, akirudia £60,000. Kabla ya hapo ilikuwa £15,000 na £20,000, yaani wamezidisha mara tatu kwa mpigo. Mwenye nyumba naye, ambaye zamani kosa la kwanza lilikuwa £1,000 kwa mpangaji, sasa ni hadi £10,000, akirudia £20,000. Shirika la ndege likikuleta bila makaratasi ni £2,000 kwa abiria. Ona hiyo mipangilio: akikuruhusu kimakosa analipa pesa ya kumfilisi, akikukataa kimakosa mara nyingi hakuna kitakachompata, utaondoka na hasira zako utaenda kutafuta kwingine. Sasa mtu wa hivyo, hajasoma sheria, ana foleni ya watu kumi, unategemea afanye nini akiona jina refu na viza isiyoshikika mkononi? Anachukua mwenye paspoti ya Uingereza. Siyo lazima awe mbaguzi, anapiga hesabu tu.

Na hili silisemi kwa uchungu wangu peke yangu. Machi 2019 jaji wa Mahakama Kuu ya Uingereza alisema kabisa kwamba ule utaratibu wa kukagua wapangaji unasababisha wenye nyumba kubagua. Serikali ikakata rufaa ikashinda Aprili 2020, lakini hata Mahakama ya Rufaa ilikubali ubaguzi kiasi upo, ilisema tu kwamba haujafika kiwango cha kuifanya sheria iwe batili. Haya. Na huo ukaguzi wa nyumba ni England tu, ukihamia Glasgow au Cardiff mwenye nyumba haulizi.

Dalali niliyekutana naye mimi, ofisi siitaji, aliniandikia imeili nzuri sana ya kunikaribisha kuona nyumba ya vyumba viwili karibu na shule ya mtoto, kodi tunaimudu, tukaenda tukaipenda. Akasema nitumie BRP yako mbele na nyuma. Nikamwambia BRP hazipo tena, hii hapa namba ya kushea, inaanza na R. Akasema hiyo haiijui, kompyuta yao ina sehemu ya kupakia picha ya kadi, isipopakiwa haiendelei. Nikamtumia linki ya serikali yenye maelezo ya wenye nyumba, kwa Kiingereza chake mwenyewe, akajibu atamuuliza meneja. Kesho yake nyumba imechukuliwa. Labda kweli ilichukuliwa, sina ushahidi. Ila hakuna sehemu kwenye huo mfumo mzuri wa nyota 4 inayosema mtu akikataa namba yangu ya kushea nibonyeze wapi.

Kwa mabosi hali inatofautiana. Hapa ninapofanya keya, yaani kazi ya kutunza wazee na wagonjwa, meneja ni mtu makini, aliingiza namba, akaiona picha, akapiga kopi ya ukurasa, akaniambia karibu kazini, chini ya dakika tano. Ila nilipoomba masaa ya nyongeza kwa ajensi nyingine, dada wa ofisini akashikilia anataka "kadi halisi". Jamani, kadi ya BRP haikubaliki kuthibitishia kazi tangu 6 Aprili 2022! Yaani alikuwa ananidai kitu ambacho sheria inamkataza yeye kukipokea, na angekipokea ndio angejiweka kwenye hiyo hatari ya faini anayoiogopa. Nilimweleza taratibu, dada samahani, angalia mwongozo wenu, akaona namfundisha kazi. Ndio hivyo, mtu mwenye uwezo wa kukunyima kazi ndiye unatakiwa umfundishe sheria, tena kwa upole, tena kwa lafudhi ambayo hajaizoea.

Uwanja wa ndege ndio balaa. Nilikuwa narudi kutoka likizo nyumbani, kwenye kaunta ya shirika ambalo nalo nitalihifadhi jina, kijana akageuza paspoti yangu ukurasa kwa ukurasa mpaka mwisho akaanza tena mwanzo.

"Kaka, viza iko wapi?"

"Ni ya mtandaoni, imeungwa na namba ya paspoti."

"Hapa mi siioni. Kadi unayo?"

Nyuma yangu watu wana masanduku wanaguna, mtoto anataka kukojoa, mama watoto ananiangalia kwa jicho lile. Nikafungua simu kwa waifai ya uwanja ambayo inakwenda kwa kuchechemea, tarakimu 6 zikaja kwa imeili (ndio maana nasema imeili!), nikatoa namba ya kushea inayoanza na S. Kijana akasema haruhusiwi kuingiza vitu vya abiria. Akaitwa supavaiza, mama mtu mzima, nikamwamkia shikamoo mama, akaitikia marahaba mwanangu tatizo nini, akavaa miwani, akaiingiza paspoti upya kwenye mfumo wao wenyewe, jibu likaja papo hapo: apande. Kumbe jibu lilikuwepo muda wote, kijana alikuwa hajui asome wapi. Yule mama apewe nyota 5 zake binafsi. Na hii itawakuta wengi zaidi sasa, kwa sababu tangu 15 Julai 2025 wengi wanaopata viza mpya ya kazi au masomo hawabandikiwi hata ile stika kwenye paspoti, wanatoka nyumbani na kurasa nyeupe. Ukiwa mmoja wao toa namba ya S ukiwa bado nyumbani kwenye intaneti nzuri, iandike kwenye karatasi uishike mkononi. Skrinshoti ya akaunti yako usitegemee, haihesabiki kama uthibitisho, mkaguzi anatakiwa aangalie mwenyewe kwenye tovuti.

Nyota moja niliyoikata kwenye mfumo nimeikata hapo. Hakuna karatasi ya akiba. Mtandao ukilala, tovuti ikiwa kwenye matengenezo, wewe huna cha kuonyesha, hata barua moja yenye mhuri na ile alama ya kuskani wangeweza kutupa ikakaa kwenye begi. Na wazee wa Kikaribi wa hapa ukiwaambia "usijali, serikali imekuwekea kumbukumbu" wanakuangalia tu. Wao walikuja tangu ile meli ya Windrush ya 1948 na miaka iliyofuata, wengine watoto wadogo kwenye paspoti za wazazi, sheria ikasema waliokwishatulia kabla ya 1973 ni halali, lakini hawakupewa karatasi. Mwaka 2010 Home Office, wizara yao ya mambo ya ndani, ikaharibu zile kadi za kutua, za kuonyesha mtu aliingia lini, ambazo kwa wengine ndio ulikuwa ushahidi wao. Mwaka 2012 Theresa May akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani akatangaza mazingira magumu kwa wasio na vibali, mabosi na wenye nyumba na hospitali wakaanza kudai makaratasi, na watu waliolipa kodi miaka 40 wakafukuzwa kazi, wakanyimwa matibabu, wengine wakapakiwa ndege kupelekwa nchi walizoziacha wakiwa wananyonya. Ilipofumuka 2018 waziri wa wakati huo, Amber Rudd, akajiuzulu. Sheria zile za kukagua hazikuondoka, ndio hizi hizi tunakaguliwa nazo leo, faini zimeongezwa tu.

Upande wa keya nao kuna usimamizi wa sheria ambao siwezi kuupita kimya kimya. Februari 2022 walifungua viza ya keya kwa nguvu zote, wakaja watu kutoka Zimbabwe, Nigeria, India, Kenya, na wabongo tumo. Wengi walilipa mamilioni kwa mawakala huko nyumbani kununua barua ya sponsa, yaani mwajiri anayekudhamini viza, ambayo kisheria haiuzwi. Wakifika, kampuni haina masaa, nyingine ni chumba kimoja juu ya saluni. Serikali ikaamka. Kati ya Julai 2022 na Desemba 2024 ikafuta leseni zaidi ya 470 za makampuni ya keya, na wafanyakazi waliofungamana na leseni hizo walikuwa zaidi ya 39,000. Sawa, matapeli wafungiwe, nani atabisha? Ila leseni ikifutwa mfanyakazi anapewa kwa kawaida siku 60 atafute sponsa mwingine au aondoke, na huyo ndiye aliyeuza shamba la baba yake. Tapeli anafungua kampuni nyingine kwa jina la shemeji. Kuhusu familia, tangu 11 Machi 2024 mwenye viza ya keya haleti mke wala mtoto, na tangu 22 Julai 2025 mlango wa kuajiri watu wa keya kutoka nje umefungwa kabisa. Kwaiyo ndugu yangu uliyeko Mbagala ukiambiwa leo na mtu kwamba ana nafasi za keya Uingereza, milioni kumi tu, huyo ni mwizi, usimpe hata nauli.

Wakati huo akaunti yangu inaonyesha tarehe yangu vizuri, rangi nzuri, maandishi makubwa, ila ile safari ambayo tarehe hiyo ni kituo chake inasogezwa. Tulipokuja ilikuwa miaka 5 unaomba makazi ya kudumu. Mei 2025 wakatoa waraka wao wakasema kawaida itakuwa 10. Novemba 2025 waziri Shabana Mahmood akaja na mapendekezo kwamba sisi wa kazi zisizo za kiwango cha shahada, keya tukiwemo, iwe 15, na yawahusu hata walioko ndani tayari ambao hawajapata makazi. Kuomba tu makazi Aprili 2025 ilipanda hadi £3,029 kwa kichwa, na wenzetu wengi wa viza nyingine za kazi, siyo za keya, wakiongeza viza wanalipia afya £1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima juu ya kodi wanayokatwa kwenye mshahara kila mwezi. Mtu anaweza kusema ni nchi yao waamue watakavyo, na mi nakubali, nchi yoyote ina haki ya kupanga nani aingie. Ila kubadilisha bei ya tiketi abiria akiwa katikati ya safari ni kitu kingine.

Binamu zangu wa Muscat wananicheka tu. Bibi yetu ni mmoja, wao wana paspoti ya Oman, wanakuja kutembea kwa ETA, ruhusa ya kusafiri ya mtandaoni isiyo viza, ambayo Aprili 2025 ilipanda kutoka £10 hadi £16, wanaombea kwenye simu wakiwa wanakula halwa, inadumu miaka miwili. Mama yangu mzazi akitaka kuja kumwona mjukuu ni viza kamili, iliyokuwa £127 kwa bei ya mwezi huo huo, alama za vidole, taarifa za benki, barua ya mwenyekiti wa mtaa, halafu wanaweza kumwambia hatuamini kama utarudi. Hilo siyo kosa la eVisa, nalijua, nimelitaja kwa sababu limenikaa kooni.

Mambo ya kufanya ili usipate shida, kwa aliyeko huku. La kwanza na kubwa ni paspoti mpya. Ukibadilisha paspoti ubalozini ingia kwenye akaunti uweke namba mpya KABLA hujasafiri, kwa sababu watu wa ndege wanatafuta kwa namba ya paspoti, ya zamani ikiwa ndio iliyoungwa mfumo unawajibu hakuna kitu. Nyumba ukihama, simu ukibadilisha, apdeti pia, tangazo la kwamba viza yako imeguswa litakuja kwa imeili ile uliyoweka, kama ni imeili ya chuo iliyofungwa hutajua. Ukiwa umeomba kuongezewa viza na jibu halijaja huku tarehe imepita, bado uko halali mradi uliomba kabla haijaisha, na kama namba ya kushea haionyeshi hivyo bosi anaweza kuuliza kwenye huduma ya serikali ya kukagulia wafanyakazi, akipewa jibu zuri linamlinda kwa miezi 6. Mabosi wengi hawaijui hiyo, mwambie kwa maandishi, ubaki na kopi.

Na kuna wazee wetu. Wale waliokuja miaka ya 80 na 90, wengine walijilipua enzi hizo, yaani waliomba ukimbizi, wengine waliletwa na waume zao, wana muhuri wa kukaa bila kikomo kwenye paspoti ya zamani iliyokwisha muda, imefungwa kwenye mfuko wa Rambo juu ya kabati. Muhuri ule bado una nguvu kisheria, mtu asiwatishe. Ila huyo kijana wa kaunta na yule dalali niliyemweleza hapo juu hawatauelewa. Kuna ombi linaitwa No Time Limit la kuhamisha muhuri huo kuwa eVisa, nalo halina ada. Wanataka ushahidi kwamba mzee ameishi huku miaka yote hiyo, kwaiyo kusanya barua za kodi, za hospitali, za baraza la mji. Kama ana kijana nyumbani mwenye simu ya NFC amsaidie Jumapili moja, na ile paspoti ya zamani isitupwe hata eVisa ikishatoka.